Uzoefu wangu na miwani ya uhalisia pepe inayofuatilia macho

Nimekuwa nikiitumia miwani hii ya uhalisia pepe, yaani inayofunika macho na kumwonyesha mtu mazingira yaliyoundwa na kompyuta, kukagua michoro ya majengo yenye pande tatu, na nilichotaka kukijua hasa ni iwapo vihisi vyake vya kufuatilia macho vina faida ya kweli au ni pambo la tangazo tu. Kwa maoni yangu, ndivyo vinavyoifanya istahili bei yake.

Wabunifu wake wameanzia kwenye mipaka ya jicho lenyewe. Sehemu ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) inayoona kwa ukali kabisa huchukua takriban nyuzi 2 tu za eneo lote la kuona. Nje ya hapo tunatambua maumbo na mwendo kuliko undani. Kamera ndogo zilizo ndani, zikisaidiwa na mwanga wa infraredi usioonekana, hupima mboni imeelekea wapi, kisha kompyuta huchora kwa pikseli kamili pale ninapotazama na kupunguza undani kwingineko. Nilijaribu kuifumania kwa kurusha macho ghafla kutoka pembe hadi pembe, nisifanikiwe, na sifa hiyo si ya chipu peke yake: ubongo hufifisha uoni wakati jicho linaporuka, hivyo mfumo hupata mwanya mfupi wa kuchora upya kabla macho hayajatulia. Nilipokizima kipengele hicho, mchoro mzito ulianza kukwamakwama na kichefuchefu kikafuata, maana sikio la ndani lilikwisha kuhisi kichwa kimegeuka ilhali picha ingali nyuma.

Kasoro ipo, tena inaniumiza kikazi. Lenzi za miwani huiweka picha yote kwenye umbali mmoja wa fokasi. Nikikisogeza kitasa cha mlango karibu na uso, macho mawili hugeukia ndani kukifuata, lakini lenzi ya asili iliyo ndani ya kila jicho hulazimika kubaki imelenga mbali, na nikidumu hivyo macho huchoka. Kuifuatilia mboni hakutibu hilo. Kamera za nje nazo, zinazonionyesha chumba nilichomo, hutoa picha safi penye mwanga wa kutosha, ila taa zikififia hujaa chenga.

Kwa anayetazama filamu tu, miwani isiyo na vihisi hivi itamtosha. Mwenye michoro mizito ningemshauri alipie tofauti, mradi ahakikishe kwanza kwamba programu anayoitumia inakikubali kipengele hiki, kwa kuwa si zote zinazokikubali.