Dell OptiPlex 3060 Micro kwa nyumba ya Mbeya, na kazi ya kuipa CPU ya zamani

Kwa mtu wa Mbeya, Iringa au Njombe anayetaka kompyuta ya mezani ya nyumbani na hana haja ya michezo mizito, OptiPlex 3060 Micro iliyotumika ndiyo tunayoipa namba moja. Ni kiboksi chenye upana wa sentimita 18 na unene usiofika sentimita 4, na ndani yake kuna prosesa ya Intel ya kizazi cha nane. Kizazi hicho ndicho mpaka. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inazipokea rasmi prosesa za Intel kwa jumla kuanzia kizazi cha nane, tena kwenye mashine yenye TPM 2.0, yaani chipu ya usalama. Muuzaji akikutolea 3050 Micro akasema ni ile ile, mkatalie. Kwa macho zinafanana, lakini 3050 ni ya kizazi cha sita na cha saba, na utakuwa umenunua tatizo unalolikimbia.

Chukua yenye Core i5-8500T. Ina kori sita na imetengenezwa kwa wati 35. Yenye i3-8100T inatosha kwa kuandika barua, mahesabu ya duka na kuangalia video, ila ukiwa na watoto wawili wanaofungua kurasa ishirini kwa mpigo utajuta. RAM iwe GB 8 kwa uchache, na uombe iwe kijiti kimoja cha GB 8, si viwili vya GB 4, ili nafasi ya pili ibaki wazi kwa kuongeza baadaye. Ni vijiti vifupi vya DDR4, vile vya laptopu. Bei hatuiandiki kwa sababu hubadilika kila mzigo unapoingia, lakini kipimo chetu ni hiki: ikilingana na laptopu iliyotumika ya kizazi hicho hicho, chukua laptopu, maana ile inakuja na kioo na betri yake.

Ukaguzi wa dukani ndio unaookoa pesa, na haufai kufanywa kwa haraka eti basi linaondoka. Washa mashine huku ukigonga F2. Ukifika kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, jaribu kubadilisha kitu chochote kidogo. Ikidai nywila ya msimamizi ambayo muuzaji hana, irudishe mezani. Kwenye sehemu ya usalama tafuta neno Computrace au Absolute, ambayo ni huduma ya kufuatilia mashine kwa mbali. Likionyesha limewashwa, kampuni ya zamani bado ina mkono wake ndani ya mashine hiyo. Soma pia Service Tag iliyobandikwa kwenye kava, iandike kwenye tovuti ya Dell kwa simu, na utaona mashine ilitoka kiwandani ikiwa na nini na lini.

Kuna mtego mmoja ambao wauzaji wengi wenyewe hawaujui. Mashine hizi hutoka maofisini, na nyingine hazikufutwa kwenye usajili wa kampuni iliyokuwa nazo. Windows aliyoipiga fundi haionyeshi kitu. Siku utakapoipiga upya ukiwa na intaneti, inakukaribisha kwa jina la kampuni fulani na kukuomba barua pepe ya kazini, na hapo umekwama. Kwa hiyo mwombe muuzaji airudishe Windows mwanzo mbele yako, iunganishwe na hotspoti ya simu yako, na usilipe mpaka umeona ukurasa wa kawaida wa kuanzisha akaunti. Vilevile fungua mipangilio ya Activation. Ikisomeka kuwa imeidhinishwa na huduma ya shirika lako wakati wewe huna shirika, hiyo ni Windows ya ujanja ujanja. Leseni halali ya mashine hizi kwa kawaida imo ndani ya madabodi, na ukipiga Windows 11 Pro safi inajitambua yenyewe ikipata intaneti.

Chaja nayo ina mambo yake. Iliyo sahihi ni ya Dell ya wati 65, yenye pini nyembamba katikati ya ncha. Pini hiyo ndiyo inayoiambia mashine kuwa chaja ni yake. Ukipewa ya kubahatisha, wakati wa kuwasha unaona ujumbe kuwa aina ya chaja haitambuliki, kisha prosesa inajibana. Wengi huipuuza alama hiyo halafu wanalaumu RAM. Fungua Task Manager, angalia kasi ya prosesa huku ukifungua kitu kizito: ikiganda chini ya GHz 1, lawama ni ya chaja.

Nyuma kuna tundu moja la HDMI na moja la DisplayPort. Zilizoongezewa tundu la VGA zipo lakini si zote, kwa hiyo mwenye monita ya zamani ya waya wa bluu anunue kibadilishi cha HDMI kwenda VGA siku hiyo hiyo. Chenye waya mdogo wa USB wa kujilisha umeme ndicho bora, kwani vile visivyo nao hukata picha kila baada ya muda. Wi-Fi usiichukulie kuwa imo; mashine nyingi za ofisini zilikuja bila kadi yake. Kama haipo, simu ya Android kwa waya wa USB, ukiwasha USB tethering, inatosha kumalizia mwanzo, kisha nunua kidongo (dongle) cha Wi-Fi cha USB.

Mashine ikisafirishwa kama mzigo wa basi kutoka Dar es Salaam na kushushwa stendi ya Nane Nane alfajiri ya Julai, usiiwashe papo hapo. Iache nje ya boksi saa moja au mbili ipate joto la chumba, kwa sababu chuma baridi kikiingia kwenye chumba chenye joto hufanya umande ndani.

Sasa kuipanga. Kwa vyovyote vile piga Windows upya, hata kama fundi wa duka amekuahidi ni safi. Andaa flashi ya GB 8 kwa programu ya Media Creation Tool, na uifanye kazi hiyo mahali penye Wi-Fi, kwa kuwa faili lenyewe linazidi GB 5 na masasisho yatafuata. Chomeka, washa huku ukigonga F12, chagua flashi. Ukifika kwenye orodha ya diski ukakuta hakuna diski hata moja, usikimbilie kununua SSD nyingine. Rudi F2, fungua SATA Operation, na kama imekaa kwenye RAID On iweke AHCI. Dell huziachia kiwandani kwenye RAID, na mara nyingi kipiga Windows hakina programu ya kuisoma. Baada ya hapo diski inaonekana. Futa sehemu zake zote na uendelee. Ukimaliza, iweke Wi-Fi ya simu yako kwenye Metered connection kabla ya kitu kingine, la sivyo bando la wiki litaisha usiku mmoja. Na kama umeingia kwa akaunti ya Microsoft, angalia kama diski imefungwa kwa usimbaji. Kama ndiyo, ufunguo wa kuirejesha uandike kwenye karatasi na uiweke na hati za nyumba.

Kuifungua ni kazi ya dakika. Nyuma kuna skrubu moja ya kulegeza kwa vidole, kava linasukumwa kwenda mbele kisha linanyanyuka. Juu kuna fremu ya diski ya inchi 2.5, chini yake SSD ya M.2, na RAM ipo chini ya feni. Hakikisha fremu hiyo ya diski imo, maana mara nyingi hutolewa na kuipata peke yake ni shida. Kasoro kubwa ya muundo huu ni hiyo feni ndogo. Vumbi letu la Agosti hadi Oktoba linaijaza, na nyumba inayokotwa moto kwa jiko la mkaa sebuleni inaongeza masizi yanayonata. Kila miezi mitatu fungua upulizie, huku umezuia mapanga ya feni kwa kijiti. Ukiyaacha yazunguke kwa upepo wa blowa, unaua beringi.

Mafaili ya CPU ya zamani, yaani boksi la kompyuta uliyokuwa nayo, yahamishe kabla hujaigusa kwa lolote lingine. Diski za inchi 3.5 zinahitaji volti 12, kwa hiyo waya wa USB wa diski za laptopu hautaiwasha. Tafuta kibadilishi cha SATA chenye chaja yake. Windows ikikuambia huna ruhusa ya kufungua folda la mtumiaji wa zamani, bonyeza Continue na usubiri, hata dakika kumi. Usisahau Desktop na Downloads, kwani huko ndiko watu wengi huweka vitu vya maana kuliko Documents.

Kisha lije swali la hiyo CPU yenyewe. Ushauri uliozoeleka ni kuigeuza seva ya nyumbani ikae imewaka usiku na mchana. Kwa huku kwetu tunaupinga. Chukua OptiPlex 780 yenye Core 2 Duo E8400, aina ambayo bado inaonekana kwenye steshenari nyingi. Ikiwa imekaa tu bila kazi hula wati 50 hadi 70. Ukichukua 60, kwa saa 24 ni uniti 1.44, na kwa siku 30 ni uniti 43. Nyumba iliyo kwenye kundi la D1 la LUKU, la wasiovuka uniti 75 kwa mwezi, imekwishatoa zaidi ya nusu kwa chombo kisichomfanyia mtu kitu, na ikivuka inaweza kupandishwa kundi. Micro ikiwa imekaa hula wati 10 hivi, yaani uniti 7 kwa mwezi. Basi seva iwe hiyo mpya, na ya zamani iwashwe pale mtu anapokaa mbele yake. Kwenye BIOS ya Micro weka AC Recovery kuwa Power On, na umeme ukirudi itajiwasha yenyewe.

Ya zamani usihangaike kuibandika Windows 11 kwa njia za panya. Kuanzia toleo la 24H2, Windows 11 inadai maagizo ya SSE4.2 ambayo Core 2 Duo haina, na haiwaki kabisa. Iwekee mfumo wa bure wa Linux Mint 22, toleo jepesi la Xfce, lenye huduma hadi 2029. Inataka RAM GB 2, lakini bila GB 4 kivinjari kitakutesa. Kwenye 780 ni DDR3 vijiti virefu vya mezani. Flashi iandike kwa programu ya Rufus ukichagua MBR na BIOS, si GPT, kwani mashine hizo hazijui UEFI, njia mpya ya kuwasha kompyuta. Pesa kidogo uliyonayo inunue SSD ya SATA ya GB 120 au 240 kabla ya kitu kingine chochote, na ubadilishe betri ya madabodi, CR2032. Betri hiyo ikiisha saa inarudi miaka ya nyuma, na kila tovuti inakuambia muunganisho si salama. Watu hupiga mfumo upya mara tatu kwa kosa la betri ya saa.

Kazi nzuri kwa CPU hiyo ni masomo ya watoto. Sakinisha Kolibri, programu ya masomo yasiyohitaji mtandao, kwenye Micro, shusha masomo mara moja mahali penye intaneti nzuri, halafu ya zamani inayafungua kwa kivinjari kupitia ruta ya nyumbani bila kugusa bando. Kolibri ina Kiswahili, na programu ya Kiwix inakupa Wikipedia ya Kiswahili nzima bila mtandao. Folda la pamoja kwenye Micro litengenezee mtumiaji mwenye nywila. Windows 11 Pro ya sasa haikubali wageni wasio na nywila, na Mint itagoma kuingia bila kukueleza sababu. Ukitaka iwe ya kuchapia, printa kama HP LaserJet P1102 inaonekana kwenye Mint lakini haitoi karatasi mpaka upakue nyongeza ya HPLIP, kwa hiyo fanya hivyo ukiwa na intaneti.

Msimu wa mvua, kuanzia Novemba, radi za nyanda hizi zinaingia kwa waya wowote. UPS inasaidia umeme ukikatika, haizuii radi. Chomoa plagi, na chomoa waya wa LAN pia.

Diski ya zamani iliyobaki ipime kwa programu ya CrystalDiskInfo kwenye Windows. Ikisoma Good, ni ya kuwekea nakala za picha. Ikisoma Caution, na hasa namba ya C5, ya sehemu za diski zinazoshindwa kusomeka, ikiwa zaidi ya sifuri, usiipe kitu unachokipenda. Na kama CPU unaigawa kwa shule au kanisa pamoja na diski yake, kufuta mafaili hakutoshi: washa Mint kutoka kwenye flashi, fungua Disks, chagua Format Disk na uandike sifuri diski nzima. Diski ya GB 250 itachukua saa moja au zaidi, iache imalize.