Shokapu mpya kwenye V-Strom 650: Dar hadi Njombe na mke nyuma

Mke wangu alishasema hapandi tena. Hakusema kwa hasira. Alikuwa amekaa kwenye ngazi za nyumba ya wageni pale Iringa, mkono mmoja kiunoni, helmeti bado kichwani. "Baba Neema, pikipiki yako naipenda, lakini mgongo ninao mmoja." Tulikuwa tumetoka Dar alfajiri, karibu kilomita 500, tukienda ukweni Njombe. Kesho yake akapanda basi. Mimi nikaendesha nyuma ya basi hilo peke yangu hadi Njombe, na njia nzima nilikuwa nawaza jambo moja tu: nitairekebishaje hii pikipiki ili arudi kwenye kiti chake.

Pikipiki yenyewe ni Suzuki V-Strom 650 ya mwaka 2012. Niliinunua ikiwa imeshatumika, na siku ya safari ile ilikuwa imetembea kilomita 58,000. Ni chombo cha safari hasa: tangi la lita 20, injini isiyochoka, na uzito wake ni kama kilo 214 ikiwa imejaa mafuta. Mimi nina kilo 92, mke wangu 68, na mizigo ya masanduku matatu haipungui kilo 30. Hesabu hizo nazitaja mapema kwa sababu ndizo zilizokuja kunifungua macho.

Nilianza kwa kukosea. Kwanza nilinunua mto wa kiti. Mto ulisaidia kilomita 100 za mwanzo, baada ya Chalinze ukawa kama haupo. Kisha nikalegeza springi ya nyuma kwa ile nobu ya pembeni, nikiamini laini ndiyo starehe. Ikawa mbaya zaidi: kila tuta lililojificha kwenye kivuli cha mti, shokapu iligonga mwisho wake na pigo lote likapanda moja kwa moja kwenye uti wa mgongo wa abiria. Halafu fundi mmoja akanishauri tujaze oili nzito ya injini kwenye shokapu za mbele ili "zikaze". Breki ziliacha kuzamisha pua, hilo kweli, lakini nikipita kwenye rasta, yale matuta madogo ya mfululizo barabarani, mikono ilikufa ganzi. Ilikuwa kama nimeshika mashine ya kuvunjia lami.

Baada ya hapo niliacha kubahatisha nikakaa kusoma, na nikaelewa jambo ambalo natamani kila anayesafiri kwa pikipiki alijue kabla hajatoa hela. Springi kazi yake ni kubeba. Oili kazi yake ni kutuliza springi isirukeruke. Ni kazi mbili tofauti, na moja haiwezi kufanya ya mwenzake. Springi ikiwa nyepesi kwa uzito wako, pikipiki inakaa chini muda wote, na nafasi ya kumeza shimo inakuwa imekwisha hata kabla hujafika kwenye shimo. Ndiyo maana nilipolegeza niliumia zaidi. Na ile nobu ukiikaza haifanyi springi kuwa ngumu; inainua pikipiki tu. Springi ni ile ile.

Shokapu za mbele za pikipiki yangu ni za aina ile ile iliyo kwenye pikipiki nyingi za bodaboda: ndani kuna mrija wenye matundu, na oili inalazimishwa kupita humo. Ni muundo rahisi, imara, na wa bei nafuu. Ila tundu lina tabia yake. Oili ikipita polepole, halizuii karibu chochote, kwa hiyo ukishika breki pua inazama. Oili ikipita kwa kasi, kama unapogonga ukingo wa shimo, upinzani unapanda ghafla: kasi ikiongezeka mara mbili, upinzani unaongezeka mara nne. Yaani inalegea pale unapotaka ikaze, na inakaza pale unapotaka ilegee. Oili nzito niliyowekewa ilizidisha tatizo la pili ili kupunguza la kwanza.

Kabla ya kuagiza kitu nilipima. Kipimo hiki hakina gharama, kinahitaji futi na mtu wa kukusaidia. Inua gurudumu la mbele lisiguse chini, pima urefu wa ule mrija unaong'aa kuanzia kwenye sili ya vumbi hadi juu. Shusha, kaa na nguo zako zote za safari, mwenzako apime tena. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo kuzama. Kwa pikipiki ya safari inatakiwa iwe kati ya robo na theluthi ya mwendo wote wa shokapu. Mwendo wa V-Strom mbele ni milimita 150, hivyo nilitakiwa kuwa kwenye 38 hadi 50, na mimi nilitaka ile robo. Yangu ilisoma 56 nikiwa peke yangu. Nyuma, tukiwa wawili na mizigo, ilikuwa 78 katika mwendo usiozidi 160. Nusu ya shokapu imeshaliwa na sisi tumesimama uani!

Hapo ndipo nilipoelewa pia kwa nini malori yalikuwa yananimulikia taa usiku. Nyuma ilikuwa imezama kiasi kwamba taa yangu ilikuwa inaangalia machoni mwa madereva.

Sokoni kuna majina mengi: Öhlins ya Sweden, Wilbers ya Ujerumani, Hyperpro ya Uholanzi, YSS ya Thailand. Nilichagua kwa mfuko wangu na kwa kazi yangu. Mbele niliweka springi za kilo 0.95 kwa milimita (yaani kila kilo 0.95 inaibonyeza milimita moja), moja kila upande, pamoja na vali za Race Tech zinazokaa juu ya ule mrija wa matundu. Nyuma nikaweka YSS iliyofungwa springi ya kuendana na uzito wa watu wawili. Nilipoagiza niliandika uzito wetu halisi, na nasisitiza neno halisi. Usijipunguzie kilo wala usisahau mizigo. Springi haina aibu, itabeba kile ulichoiambia itabeba.

Vyote, pamoja na usafirishaji na ushuru, vilinigharimu kama shilingi milioni 3 na laki 7. Shokapu ya nyuma ndiyo iliyokula sehemu kubwa. Najua ni hela nyingi. Kama una kidogo, anza na springi za mbele na oili sahihi. Hapo ndipo nilipopata nafuu kubwa kwa kila shilingi.

Kazi tuliifanya uani kwangu na kijana anayetengeneza bodaboda mtaani kwetu. Nilimchagua kwa makusudi. Mkono wake umefungua shokapu za aina hii mara nyingi kuliko fundi yeyote wa gereji kubwa ninayemfahamu, na hakuona aibu kusubiri nimsomee maelekezo kabla ya kukata kitu. Kwa sababu kukata kupo: ule mrija wa ndani inabidi utobolewe matundu sita ya milimita 8, ili oili ipite bila kubanwa na vali mpya ndiyo ishike udhibiti. Ukishatoboa hakuna kurudi nyuma. Kila tundu lilisuguliwa kwa tupa ndogo hadi kidole kikipita hakikwaruziki, maana chembe moja ya chuma humo ndani itakula bushi na sili.

Oili ya zamani ilivyotoka sitaisahau. Ilikuwa ya kijivu kama maji ya saruji, na ilinuka samaki aliyelala juani. Kijana aliimwaga taratibu kwenye beseni, akatia kidole, akakisugua na gumba, akanionyesha: vumbi la chuma linameremeta. "Mzee, hii ndiyo ulikuwa unaitegemea kwenye mlima wa Kitonga." Sikuwa na jibu.

Tuliweka oili ya shokapu ya 15W. Kwa vali hizi, oili ndiyo inayoamua shokapu irudi juu kwa kasi gani, na vali inaamua ibonyee vipi. Kwa hiyo uzito wa oili si jambo la kukisia. Kimo chake kinapimwa springi ikiwa nje na shokapu imebonyezwa hadi mwisho, kutoka ukingo wa juu hadi oili ilipo. Tulitumia bomba la sindano lenye mpira kuvuta ziada hadi pande zote mbili zikalingana kwa milimita. Pande zisipolingana, upande mmoja unafanya kazi ya wawili.

Nyuma kulikuwa na jambo sikulitarajia. Zile beringi za vyuma vinavyounganisha shokapu na swingamu, ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma, zilikuwa kavu kabisa, moja ina kutu. Tukaziosha kwa dizeli, tukabadilisha iliyooza, tukapakaza grisi. Kama una pikipiki yenye umri huu na hujawahi kuzifungua, zifungue, hata kama hununui kitu kingine chochote. Shokapu mpya juu ya beringi zilizokwama ni hela umeitupa.

Tulipopima tena, mbele ilisoma 39. Nyuma, wawili na mizigo, 50.

Siku za kwanza nilidhani nimekosea, kwa sababu ukiibonyeza imesimama inahisi ngumu kuliko zamani. Barabarani ndipo tofauti inaonekana. Nilikwenda Morogoro na kurudi peke yangu mara mbili, nikiwa na bisibisi mfukoni. Jaribio la kwanza nyuma ilikuwa inarudi haraka, baada ya tuta inanirusha kidogo. Nikakaza skrubu ya kurudi klik mbili, nikajaribu tuta lile lile, nikaongeza moja. Tuta moja, badiliko moja, kisha andika. Upepo wa tairi nao niliuweka sawa kabla ya kugusa kitu kingine chochote, psi 33 mbele na 41 nyuma tukiwa wawili, kwa kuwa tairi lililojazwa kupita kiasi linaweza kukufanya uilaumu shokapu isiyo na kosa.

Kisha nikamwomba Mama Neema anipe nafasi moja. Nilimwambia tufike Morogoro tu, na akiumia nitamtafutia basi mwenyewe. Akakubali, akafunga mkanda wa mgongo kwa tahadhari.

Tuna vifaa vya kuongea ndani ya helmeti. Zamani, tukifika kwenye rasta, sauti yake ilikuwa inakatika katika, halafu ananyamaza, halafu nasikia vidole vyake vinanibana mbavuni akijiinua kwenye kiti kabla ya tuta. Safari hii alikuwa anasimulia habari ya shangazi yake na kesi ya shamba la chai. Tukaingia kwenye rasta za kwanza baada ya Chalinze. Nikajikaza kusubiri vidole. Rasta zikapita, trrr, chini ya magurudumu, na yeye anaendelea tu na shangazi, neno halijakatika. Nilitaka kumwambia, nikanyamaza nimsikilize.

Morogoro hakuuliza habari za basi. Tulikunywa chai, tukapita Mikumi, tukafika Ruaha Mbuyuni tukanunua vitunguu vya kupeleka ukweni. Kipande kile kina lami iliyobonyezwa na malori ya Zambia na Kongo, mifereji miwili mirefu ambayo zamani ilikuwa inaivuta pikipiki huku na huku. Sasa unaisikia, lakini mbele inashika mstari wake. Kitonga tulipanda nyuma ya lori la mafuta, kona baada ya kona, na kwa mara ya kwanza tukiwa wawili sikuhisi mbele imekuwa nyepesi kama inataka kunitoroka. Nyuma ikikaa kwenye kimo chake, uzito wa mbele nao unabaki mahali pake.

Pigo kubwa lilikuja baada ya Makambako: shimo nililoliona nimechelewa, lori linakuja mbele, hakuna pa kukwepea. Tulilipiga. Nilisikia dub moja nzito, gurudumu likashuka na kupanda, na pikipiki ikatulia mara moja, haikuendelea kupepesuka. Nilikuwa nimefunga kibanio cha plastiki kwenye mrija wa mbele ili kinionyeshe shokapu imezama hadi wapi. Tuliposimama nikainama kukiangalia: kilikuwa kimesukumwa hadi kimebakiza kama milimita 15. Kwa springi za zamani shimo lile lingegonga chuma kwa chuma.

Haijawa gari. Kwenye changarawe za kwenda shambani bado unasimama kwenye vikanyagio vya miguu, na baada ya saa tisa kwenye kiti nyama za makalio zinalalamika kama za mtu yeyote. Nikiwa peke yangu bila mizigo inanibidi nilegeze nobu ya nyuma, la sivyo inakuwa kavu kidogo. Nimeandika idadi ya mizunguko kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya kiti. Na oili ya mbele nitaibadilisha kila kilomita 20,000, kwa sababu nimeshaona inavyokuwa ikiachwa.

Njombe tulifika jioni, ukungu umeanza kushuka. Mama mkwe alitoka akitazama barabarani, akauliza basi limewashusha wapi. Mke wangu alivua helmeti, akashuka mwenyewe bila kushika bega langu, akaenda kumsalimia mama yake. Usiku, wakati wa kuota moto, nilimsikia akimuuliza kaka yake kama barabara ya kwenda Songea imekaa vizuri.