TAHADHARI: Muuza "dawa ya akili" kwa watoto wenye Down, Malindi hadi Lamu

Assalaam alaykum kina mama na kina baba wenye watoto wa Down sindromu. Kuna bwana anazunguka Malindi, Barani mpaka Maweni, na nasikia ameshavuka Mokowe kuingia Lamu. Anauza kopo la vidonge shilingi 4,500, na eti dozi kamili ni makopo matatu. Majina na laini za simu hubadilisha, kwa hiyo mjueni kwa maneno yake: "Dawa hii inaosha ile kromosomu ya ziada, miezi mitatu mtoto anasoma kama wenzake." (Kromosomu ni nyuzi ndogo za urithi zilizo ndani ya seli za mwili.) Huanza na sauti kwa WhatsApp, inafuata video ya mtoto anayehesabu, kisha anataka nusu ya pesa kwa M-Pesa kabla hajafika kwako.

Kopo la dada yangu nimelishika kwa mkono wangu. Karatasi ya juu ina picha ya ubongo basi. Kiwanda hakuna, nchi hakuna. Kwa joto letu hili gundi ilikuwa imeachia pembeni, nikaivuta. Chini yake kuna lebo nyingine, ya vitamini za watu wazima, na pale penye tarehe ya kuisha pamekwanguliwa kwa kitu cha ncha.

Vitamini za 4,500! Lakini hilo si kubwa.

Kubwa ni kwamba alimwambia dada aache vidonge vya hospitali kwa sababu "vinapigana" na dawa yake. Vidonge vyenyewe ni levothairoksini, vya tezi ya thairoidi iliyo shingoni. Watoto wengi wenye Down tezi hiyo huwa haifanyi kazi sawasawa, na ikilegea mtoto huwa mzito, hupata choo kigumu, husinzia na kuchelewa zaidi kujifunza. Mwalimu wa chuo ndiye aliyeuliza kulikoni, mtoto analala juu ya juzuu. Yaani huyu bwana kwa jina la kuamsha akili ameondoa kidonge kimoja ambacho kweli kilikuwa kinaisaidia. Mtoto amerudishiwa dawa zake na daktari, alhamdulillahi.

Sasa hii habari ya kuosha. Tangu 1959, Jérôme Lejeune na wenzake walipoitangaza huko Ufaransa, inajulikana kwamba mwenye Down ana kromosomu tatu za namba 21 badala ya mbili. Kwa walio wengi iko kwenye kila seli, kuanzia ngozi mpaka moyo. Kidonge gani kitaipitia seli moja moja?

Dawa za kuongeza akili zimejaribiwa, tena na wataalamu. Pirasetamu ilijaribiwa kwa watoto huko Kanada, matokeo yakatoka 2001: akili haikuongezeka, na baadhi yao wakawa wakali na wenye hasira. Vitamini na asidi ya foliniki (jamii ya vitamini B) walipewa watoto wachanga Uingereza, 156 kwa jumla kwenye utafiti huo, na 2008 ikaonekana hazikuleta tofauti. Memantini, dawa ya wazee wanaosahau, ilijaribiwa kwa watu 173 wenye Down waliopita miaka 40. 2012 jibu likawa lile lile.

Muuzaji huyu hupenda kutaja utafiti wa Barcelona, Hispania. Ni kweli, 2016 ulitoka utafiti wa kiini cha chai ya kijani ambao ulionyesha nafuu kidogo. Asichosema ni kwamba walikuwa vijana wa miaka 16 hadi 34, si watoto, na walikuwa wakifanyishwa mazoezi ya akili mwaka mzima. Kiini hicho kikizidi huumiza ini. Na kopo lake hata chai halina!

Ukiambiwa kuna dawa, muulize namba ya usajili ya Bodi ya Famasia na Sumu, kisha uihakikishe kwa mfamasia wa duka lenye leseni. Aliyekwisha nunua asilitupe kopo wala kufuta ujumbe wa M-Pesa. Apige ripoti polisi na kwa Bodi, na namba iliyomtapeli aitume 333 kwa Safaricom. Kama mtoto aliachishwa dawa ya tezi, ya kifafa au ya moyo, mpeleke kliniki leo, usingoje tarehe ya kadi. Na mwenye sauti au ile video, tafadhali asiifute.