Mita ya upepo waliyotufungia Jinja: mita sina ubaya nayo, fundi wao ndiye aliyenikera

Nimekaa na hasira hii wiki kadhaa nikidhani itaisha. Haijaisha. Mtu kaingia karakana yangu, kanivunjia heshima mbele ya vijana ninaowafundisha kazi, kafunga kitu vibaya, kaondoka, na ofisi yake ikaleta ankara. Kwa hiyo naandika.

Mimi ni fundi wa matengenezo katika kiwanda cha kusaga unga hapa Jinja, Uganda. Upepo wa kompresa, ile mashine ya kubana hewa, tunautumia kila mahali: unapuliza mifuko ya filta isizibwe na vumbi la unga, unafungua na kufunga milango ya matangi, unasaidia mashine za kushona magunia. Kompresa hainyamazi, na umeme wake ni ghali, hasa kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa sita usiku ambapo bei ya viwanda hupanda kuliko saa nyingine zote. Bosi alitaka kujua upepo wote huu unakwenda wapi. Mimi ndiye niliyempa wazo la kununua mita ya kuupima, na mimi ndiye niliyepiga simu kwa wauzaji wake Kampala kuagiza. Ndiyo maana jambo hili limeniuma namna hii.

Sifa za mita yenyewe zimeandikwa kwenye karatasi yake, mtazisoma wenyewe. Mimi nataka kusema kuhusu siku ya kufunga.

Fundi wao alifika na pikapu, kachelewa karibu saa tatu, akasema ni foleni ya Mukono. Kwa hilo simlaumu, Mukono tunaijua sote. Nikampeleka kwenye paipu yetu ya inchi 2 inayotoka kwenye draya, mashine ya kukausha upepo, kwenda kwenye vinu. Kuifunga baada ya draya alipatia, nakubali, kwa sababu matone ya maji yakiigonga sensa ya aina hii, yaani ile ncha inayopima, namba zinapanda ovyo. Lakini alipoweka alama ya chaki nilishtuka. Aliweka shibiri moja tu kutoka kwenye kona. Pale paipu iko chini, huhitaji ngazi.

Kwa wasioijua mita hii: ndani yake kuna ncha inayopashwa moto, upepo unapita na kuipoza, na mita inahesabu upepo kwa kuangalia ncha inapozwa kiasi gani. Sasa upepo ukitoka kwenye kona haupiti sawasawa. Hulalia upande mmoja, kama abiria wa taksi dereva akikata kona ghafla. Ncha ikikaa hapo inapima msukosuko. Ndiyo maana karatasi yao wenyewe, waliyoileta ndani ya boksi lao wenyewe, inataka paipu iliyonyooka mara 15 ya upana wake wa ndani kabla ya mita, na mara 5 baada yake. Kwa paipu yetu hiyo ni kama sentimita 80 mbele na 27 nyuma. Umbali wa mita mbili kutoka hapo tuna kipande kirefu kilichonyooka, kiko juu tu kidogo. Ngazi tunayo.

Nikamwambia kwa upole, "Kijana, hapa ni karibu mno na kona, karatasi inasema vingine." Hakuniangalia hata usoni. Akasema, "Mzee, mita haina macho, haijui kona iko wapi. Wewe kaa na spana zako. Mambo ya sensa yamesomewa."

Yamesomewa! Karakana yetu tunaongea Kiswahili kwa sababu kijana mmoja katoka Busia, mwingine Arua, wa tatu ni Mkongomani, na mimi mwenyewe ni mtu wa Tororo. Kwa hiyo wote walielewa kila neno. Walinyamaza kimya, wakanitazama mimi. Nilikuwa nafungua kompresa kabla huyo bwana hajajua kushika bisibisi, na kwetu mtu mwenye umri wa mwanangu haniambii maneno kama hayo, hata kama amesoma hadi wapi. Nilinyamaza kwa ajili ya kazi. Mpaka leo najuta kunyamaza.

Akamwamuru kijana wetu wa kuchomelea achomelee soketi ya nusu inchi, kishikio cha kuingizia mita, juu ya paipu. Paipu ni ya zinki. Kila mchomeleaji anajua zinki huondolewa kwanza kwa grainda, maana moshi wake mweupe ni sumu. Yeye akasema hakuna muda. Usiku ule kijana alitetemeka kwa homa, meno yakigongana, mama yake akadhani ni malaria. Kesho yake mchana akawa mzima, kama inavyokuwa kwa homa ya moshi wa zinki, lakini ule usiku ni nani aliyeulipia?

Akaja kwenye nyaya. Waya unaopeleka namba za mita kwenye paneli akaupitisha kwenye mfereji mmoja na kebo nene ya mota ya kompresa, na ule wavu wa kinga unaouzunguka waya akaufunga kwenye ardhi ncha zote mbili. Nikaona, nikameza mate, maana hivyo umeme wa mota huvuruga namba za mita. Tulipowasha, skrini ya kwenye paneli ikasoma kutoa 125. Upepo wa chini ya sifuri! Akaigonga skrini kwa kidole, akasema skrini yetu ni mbovu. Mita hii hutoa miliampea 4 wakati upepo umesimama, na 20 upepo ukifika juu kabisa, ambapo kwetu tumepanga ni mita za ujazo 500 kwa saa. Ukipata miliampea 0, hesabu inakupa kutoa 125, maana yake waya haujashika. Sikusema kitu. Nikachukua bisibisi, nikafungua skrubu ya pili, na kweli, ilikuwa imebana plastiki badala ya shaba. Nikachuna waya, nikafunga, namba ikaja. Hakusema asante wala samahani.

Namba yenyewe? Kompresa ikiwa imejaa kazi, mita ikasoma mita za ujazo 370 kwa saa. Kibao cha kompresa kinasema 300. Nikamuuliza paipu inapitishaje upepo ambao kompresa haiutoi. Akajibu, "Kibao ni cha zamani, mita haidanganyi," akakusanya vifaa vyake, akaenda. Na kila mota ilipopandisha kasi namba iliruka kama panzi.

Siku ile ningeandika, ningewaambia msinunue kabisa. Nilimwambia bosi turudishe. Bosi akasema tungoje. Nikangoja majuma mawili, nikipiga simu, nikiambiwa fundi yuko Mbarara, fundi yuko Gulu, fundi atapiga. Hakupiga.

Jumapili moja vinu vimezimwa nikaamua kufanya mwenyewe. Tukatoa upepo wote kwenye paipu, tukafungua vali, hakuna hata mshindo. Tukapima sentimita 80 kutoka kwenye kona, nikaongeza 20 kwa moyo mweupe. Zinki ikaondolewa kwanza, milango ikafunguliwa, kijana akachomelea akiwa na barakoa. Tundu tukalipiga msasa, chembe za chuma zikatolewa kwa sumaku. Mshale wa mita ukaelekea upepo unakokwenda, ncha ikakaa katikati kabisa ya paipu. Waya nikaupitishia njia yake peke yake, wavu nikaufunga upande wa paneli tu.

Halafu nikaingia kwenye mipangilio ya mita. Hapo ndipo nilipokaa chini. Upana wa ndani wa paipu, ambao mita inautumia kwa kila hesabu, alikuwa ameweka milimita 60.3. Huo ni upana wa nje! Paipu yetu ina ukuta wa milimita 3.6, ndani ni 53.1. Kwa kosa hilo peke yake mita ilikuwa inazidisha karibu asilimia 29, kabla hujaongeza ule ujinga wa kona. Mtu aliyesomea sensa alipima ganda. Niliwaita vijana wote watatu waje waone kwa macho yao.

Nikaweka 53.1. Asubuhi ya Jumatatu kompresa ikajaa kazi, mita ikatulia kwenye 258. Haitikisiki. Nikafurahi dakika moja, halafu hasira ikarudi: sasa inasoma pungufu! Kibao 300, mita 258. Nikapiga simu Kampala nikiwa tayari kuwaambia wachukue chuma chao. Akapokea dada mmoja wa kaunta, sauti ya heshima, akaniita mzee kama mtu anavyoita mzee. Aliniuliza mambo mawili: mita imepangwa kwa hali gani ya kulinganishia, yaani joto na mgandamizo gani wa hewa, na kiwanda kiko wapi. Nikamwambia nyuzi joto 20 na milibari 1000, Jinja. Akasema, "Basi mzee, mita yako iko sawa." Jinja iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ina mgandamizo wa karibu milibari 880 tu. Kompresa inameza mita za ujazo 300 za hewa nyepesi ya hapa, na mita inazigeuza kuwa za hewa ya milibari 1000. Nikachukua kalamu: 300 mara 0.88, punguza kidogo kwa joto letu. Inatoka pale pale.

Miaka yote hii nimekuwa nikilinganisha vibao bila kulijua hilo. Kwa hiyo hata yule bwana, aliposema nisikiamini kibao, alikuwa na punje ya ukweli, ingawa alikosea upande. Inaniuma kuiandika sentensi hiyo lakini ni haki yake.

Na mita, lazima niseme, ni kifaa kizuri kuliko nilivyotarajia. Jumapili iliyofuata, kila kitu kimezimwa isipokuwa kompresa, ilisoma 62. Hakuna mashine hata moja inayotumia upepo, na upepo wa 62 unapotea. Tukatembea na maji ya sabuni na brashi. Tundu la milimita 3 tu kwa bari 7 hupoteza kama lita 10 kila sekunde, yaani mita za ujazo 36 kwa saa, sasa fikirieni sisi tulikuwa na mpira uliopasuka kwenye vali za filta na viunganishi viwili vilivyolegea kwenye mashine za magunia, miaka mingapi sijui. Tulipomaliza ikasoma 14. Hiyo ni kama kilowati 5 zilizokuwa zinateketea usiku na mchana. Yule Mkongomani wetu alipiga makofi peke yake mbele ya skrini.

Nilikuwa nimeshaanza kuwasamehe. Kisha ikaja barua yao: kwa kuwa mita imehamishwa na "mtu asiye na ujuzi", dhamana imefutwa, na nusu ya pili ya malipo ya kufunga inadaiwa. Ya kufunga! Ile vali ya kwanza, ya kwenye soketi aliyochagua yeye, bado ipo shibiri moja kutoka kwenye kona, imefungwa, imezibwa kwa plagi, na alama yake ya chaki haijafutika.

Mkiniuliza kama ninunue tena mita ile, nitanunua. Kutoka kwao? Kwa yule dada, ndiyo. Kwa yule kijana, hata anipe bure. Jana bosi kaweka ankara yao juu ya meza yangu, kaniuliza tulipe au tusilipe. Ipo hapo hapo, sijaigusa.