Kirungu cha gia cha gramu 380 kwenye Toyota GT86: uzoefu wangu

Kama una GT86 ya gia za mkono na gia ya pili inakugomea asubuhi kabla giaboksi haijapata moto, kirungu kizito, yaani kile kichwa cha mti wa gia unachokishika, ni pesa isiyopotea. Changu nilikichora mwenyewe, kikakerezwa Gerezani, Dar es Salaam, na nimekitumia mjini na safarini kiasi cha kutosha kukisemea. Watu huulizia uzito kwanza. Mimi nakwambia kazi yote iko kwenye umbo.

Uzito wenyewe unasaidia hivi. Ndani ya giaboksi kuna ringi za sinkronaiza. Ukisukuma mti wa gia, ringi inasugua koni ya gia mpaka kasi ya pande mbili ilingane, ndipo gia inapita. Oili ikiwa baridi ni nzito, na kulingana huko kunachelewa. Kirungu chepesi kikifika hapo kinasimama, mkono unalazimika kusukuma tena. Kizito kinafika na mwendo wake, kinaendelea kuikandamiza ringi, na gia inazama kwa msukumo mmoja. Hata ule mtetemo unaopanda mkononi injini ikizunguka juu unapungua.

Sasa umbo. GT86 ina pete chini ya kirungu ambayo lazima uinyanyue kwa vidole ndipo upate rivasi, ambayo iko kushoto, pembeni ya gia ya kwanza. Virungu vingi vya kununua mtandaoni ni tufe tupu au silinda nene mpaka chini, na ukivifunga unabaki unatafuta pa kupitisha vidole huku mtu nyuma yako anapiga honi. Kwa hiyo nilichora kichwa kipana cha milimita 48 na shingo nyembamba ya 26, uzito wote ukae juu. Urefu sikuugusa. Ukikishusha kirungu, mti unakwenda umbali mfupi lakini mkono unatumia nguvu zaidi; ukikipandisha, kinyume chake. Mimi nilitaka kukipata pale pale mkono wangu wa kushoto ulipozoea.

Kabla ya kukata chuma nilichonga mfano wa mti wa mninga, nikautoboa tumbo, nikawa najaza chubwi za kuvulia nilizonunua Feri. Naupendekeza kwa yeyote mwenye wazo kama hili, maana unaongeza chubwi, unaendesha, unapunguza, unaendesha tena, mpaka mkono wenyewe useme. Wangu ulisema mia tatu na themanini hivi. Tufe la stenlesi la milimita 50, ambalo wengi hulikimbilia, lina zaidi ya nusu kilo, na kwa gari hili naona limezidi.

Hesi ya mti wa gia wa GT86 ni M12 kwa 1.25, yaani unene wa milimita 12 na milimita 1.25 kutoka jino hadi jino, na hapo ndipo kazi nyingi huharibika, kwa sababu tapu (kifaa cha kukatia hesi ndani ya tundu) ya kumi na mbili iliyozagaa karakana nyingi ni ya 1.75. Bahati nzuri nati za matairi za gari hilo hilo ni 1.25 pia. Nilifungua moja nikaijaribu kwenye mti wa gia, ikaingia kwa vidole bila kubishana. Nati hiyo ndiyo niliyompelekea fundi. Aliigeuzageuza, akaipima na moja ya tapu zake, akasema, "Hii ya kwako ni hesi laini, kijana. Subiri nitume mtu akalete tapu yake." Tundu lilitobolewa kwa keni (biti ya kutobolea) ya milimita 10.8, tapu ikashuka taratibu na oili, na kirungu kikakaa wima.

Kilichonifurahisha zaidi ni kofia. Chuma tupu Dar hakifai. Gari likishinda juani Posta, ukirudi saa tisa mchana hukishiki. Niliomba moyo wa stenlesi wa milimita 38 uvikwe kofia ya nailoni nyeusi, ile wanayokerezea bushi. Mzee aliikereza ikiwa imebana kidogo kuliko chuma, akaitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayochemka, akaitoa kwa koleo na kuigongea juu ya moyo kwa nyundo ya mti. Ilipopoa ilishika kana kwamba vilizaliwa pamoja. Hakuna gundi hata tone. Sijawahi kuona fundi anayeheshimu vipimo namna ile, venia, kile kipimo cha milimita, haikutoka mkononi.

Nimeendesha nacho foleni ya Morogoro Road na nimepanda nacho Kitonga nyuma ya malori, pale unapocheza na ya pili na ya tatu bila kupumzika. Mkono hauchoki. Lakini Mafinga ndiko kulikonithibitishia, asubuhi ya baridi kali, gia ya pili ikaingia bila kulazimishwa, jambo ambalo gari hili halikuwahi kunifanyia kule.

Kasoro zipo. Shingo imebaki chuma kitupu na jua likiwa kali unaihisi vidoleni. Ningeanza upya ningeivika nayo. Nailoni inang'aa kidogo pale kiganja kinapolala. Gharama ilifika shilingi 85,000 pamoja na malighafi, na mfano wa mninga nilijichongea.

Kama sinkronaiza zako zimekwisha, usitegemee kirungu kizitibu. Gia itakwaruza vile vile na utazimaliza haraka ukianza kuzilazimisha. Kanyaga klachi mpaka chini kama kawaida. Na ukishakifunga, jaribu kuachia na kukanyaga moto kwa ghafla ukiwa kwenye kila gia, sehemu tupu. Gia ikichomoka yenyewe, giaboksi au mpira wake wa kushikilia umechoka, na hapo uzito ulioongeza unazidisha tatizo. Rudisha kirungu cha kiwandani umwone fundi wa giaboksi kwanza.