Viatu vya shule Moshi: uanze na vipi kabla ya Januari

Shule zikikaribia kufunguliwa, viatu vyeusi haviepukiki. Hapa navipanga kuanzia ninavyovipendekeza zaidi, na nimetumia vigezo viwili: vitadumu muda gani mguuni kwa mtoto, na hela yako itabaki wapi. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye ng'ombe wengi kabisa Afrika. Lakini kwa miaka mingi ngozi zetu zimeuzwa nje zikiwa ghafi kwa bei ya kutupa, halafu viatu tunaagiza kwa dola. Jambo hili linaniuma.

1. Viatu vya ngozi vya Karanga

Kiwanda kiko hapahapa mjini, eneo la Gereza la Karanga, nacho ni cha ubia kati ya mfuko wa pensheni wa PSSSF na Jeshi la Magereza. Kwa hiyo mwalimu au nesi anayekatwa michango ya PSSSF ana chake mle. Ndiyo chaguo langu la kwanza kwa mtoto wa darasa la nne kwenda juu, ambaye mguu wake haukui kwa kasi ya wadogo.

Ila usinunue kwa uzalendo peke yake, kikague kiatu. Kikunje kwenye vidole: ngozi halisi hutoa mikunjo midogo midogo isiyolingana, reksini, yaani ngozi bandia, hukunjika mstari mmoja na baadaye hubanduka kama rangi ya ukuta. Tazama ukingo uliokatwa, pale ulimini au ndani ya kisigino. Ngozi ina nyuzinyuzi, reksini ina kitambaa chini. Kisha vuta soli kwa kidole gumba pale mbele. Ikiachia hata kidogo, rudisha. Soli iliyoshonwa uzi pembeni naiamini kuliko ya gundi tupu, hasa kwa watoto wa Kibosho, Machame na Marangu wanaokanyaga tope masika nzima.

Mpimishe mtoto jioni, mguu ukiwa umetanuka, na akiwa amevaa soksi za shule. Acha nafasi ya kidole kimoja, zaidi ya hapo atajikwaa.

2. Fundi wa mtaani

Huyu anakupimia mguu na ukimpa kazi mapema anakushonea vizuri. Tena mwezi wa tano soli ikichoka, unajua pa kumpata. Muulize jambo moja tu: ngozi umeitoa wapi? Kama ni ya hapa nchini, mnufaika si yeye pekee, yumo na mfugaji. Kama ni reksini ya dukani, ufundi ni wetu lakini malighafi imetoka nje, na bei ishuke. Usimpelekee oda wiki ya mwisho ya Desemba. Atalipua.

3. Mtumba wa soko la Memorial

Siwalaumu wanaokwenda. Kiatu cha ngozi cha mtumba kinaweza kumaliza mwaka, na wauzaji wa pale wanalisha familia zao. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki waliazimia kuachana na nguo na viatu vya mitumba hatua kwa hatua, lakini soko linaendelea. Kwa mtoto wa chekechea anayebadilisha saizi kila mara, ningenunua huku bila kusita. Angalia kisigino tu: kikiwa kimelika upande mmoja, kitampindisha mguu.

4. Vipya vya bei rahisi kutoka nje

Vinang'aa dukani, na mvua za Machi zinavimaliza. Ukinunua jozi mbili kwa mwaka, huenda umeshavuka bei ya ngozi.

Halafu kuhusu bakodi: wengi wanaangalia kama inaanza na 620. Hiyo huonyesha kwamba namba imesajiliwa Tanzania, haithibitishi kwamba bidhaa imetengenezwa hapa. Soma maandishi ya mahali ilipotengenezwa, dai risiti, na Novemba ndiyo muda wa kwenda, saizi zote zikiwa bado zipo.