Uzoefu wangu na VirtualBox: printa isipoonekana kwenye Windows ya ndani

Mwenye duka la kuchapa anayetaka kutoka Windows kuhamia mfumo wa Linux, ila ana programu moja ya Windows asiyoweza kuiacha, mimi namwambia atumie VirtualBox, programu inayoendesha Windows nzima ndani ya Linux kama kompyuta ndani ya kompyuta. Ni ya bure, na kwenye kompyuta yetu ya RAM ya GB 8 haigandi. Kinachowakatisha wengi tamaa ni printa: Windows ya ndani inawaka vizuri, ukitaka kuchapa, kwenye orodha hakuna printa.

Duka letu liko Wandegeya, Kampala, karibu na Chuo Kikuu cha Makerere. Kompyuta ya kaunta ina Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, na ndani yake kuna Windows 7 ya biti 32 kwa ajili ya programu ya hesabu isiyokubali Windows mpya. Printa ya leza imeunganishwa kwenye ruta, na wanafunzi wakianza kumiminika jioni na kazi zao haipumziki.

Ushauri wa kwanza utakaoupata ni kusakinisha Guest Additions, nyongeza za VirtualBox zinazowekwa ndani ya Windows ya ndani. Sakinisha, maana zinakupa skrini nzuri, folda za pamoja na kunakili maandishi kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Printa hazileti.

Ushauri wa pili ni kuipitisha printa kwa USB. Hapo angalieni sana. Printa ikishaingia Windows ya ndani, Ubuntu inaipoteza mpaka uiachie tena. Kwa duka lenye foleni, hilo halifai hata kidogo. Ukilazimika, kwenye Linux jina lako liwe kwenye kundi la vboxusers, la sivyo orodha ya USB itakuwa tupu, na kichujio cha USB, kinachoamua kifaa gani kiingie Windows ya ndani, ukijaze kwa namba za printa hiyo. Kikiachwa wazi kinanyakua kila kitu cha USB, hadi flashi ya mteja. Tangu toleo 7.0 la mwaka 2022, USB 2 na 3 hazihitaji tena Extension Pack, kifurushi cha ziada cha VirtualBox, na hiyo ni nafuu kwetu wenye biashara kwa sababu kifurushi hicho si cha bure kwa matumizi ya biashara.

Njia iliyotufaa ni ya mtandao. VirtualBox kwa kawaida huiweka Windows nyuma ya NAT, yaani kwenye mtandao wake mdogo uliojificha nyuma ya Ubuntu, na kompyuta ya ndani hupewa anwani kama 10.0.2.15. Ukibonyeza kutafuta printa, wito wake unaishia hapo hapo, hauvuki kwenda kwenye mtandao wa duka. Lakini fungua kivinjari ndani ya Windows hiyo hiyo, andika anwani ya IP ya printa: kwetu ulifunguka ukurasa wa printa yenyewe, na kiasi cha tona kilichobaki kikaonekana. Maana yake njia ipo. Kinachoshindikana ni kutafuta, si kufika.

Basi usitafute. Ongeza printa kwa mkono, chagua bandari ya TCP/IP, andika anwani ile, kisha weka draiva, programu inayoiwezesha Windows kuitumia printa. Draiva ifuate Windows ya ndani: kwetu ni ya biti 32, ingawa Ubuntu ni ya biti 64. Ukurasa wa majaribio ulitoka papo hapo, na Ubuntu iliendelea kuchapa kama kawaida.

Wengi hukimbilia kubadili NAT kuwa Bridged Adapter, inayoiweka Windows ya ndani moja kwa moja kwenye mtandao wa duka. Printa itaonekana, ndiyo, lakini Windows 7 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama Januari 2020, na mimi siko tayari kuianika kwenye mtandao mmoja na simu za wateja. Ibaki nyuma ya NAT.

Jambo jingine, hasa hapa Kampala: umeme ukikatika na kurudi, ruta inaweza kuipa printa anwani nyingine. Windows itasema printa haipo mtandaoni, kijana wa kaunta ataita, "Bosi, printa imepotea tena!" na wote mtaanza kuhangaika na draiva ilhali draiva haina neno. Ingia kwenye ruta, itengee printa anwani yake ya kudumu. Tangu tulipofanya hivyo, kelele hizo zimekwisha.

Kuskani kutoka Windows ya ndani sikuhangaika nako. Tunaskani upande wa Ubuntu, faili linawekwa kwenye folda ya pamoja, na programu ya hesabu inalichukua huko.